Sauti ya Mama Nukta ilivyobaki darasani

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, sauti ya mwanamke inasoma imla ya Kiingereza katika Kidato cha Tatu. Ni sauti nene kidogo, isiyo na haraka. Inasoma sentensi, inanyamaza wanafunzi waandike, inasoma tena. Katikati inakohoa, inaomba radhi.

Wanafunzi sitini na wanne wameinamia madaftari. Mwenye sauti amesimama dirishani, chaki mkononi, skafu shingoni, midomo ameifumba.

"Acha kuchungulia kwa jirani," inasema ghafla kutoka kwenye spika iliyo mezani. Wavulana wawili wa nyuma wanakaa sawa, ingawa hakuna aliyekuwa akiwatazama.

Sauti hiyo ilirekodiwa miezi kumi na minne iliyopita. Hospitali ilimwondolea mwalimu nyuzi za sauti wiki hiyohiyo alipomaliza kurekodi.

Wanafunzi humwita Mama Nukta, maana katika miaka kumi na minane ya kufundisha Kiingereza hajasamehe sentensi isiyo na nukta. Mwandishi anamuuliza kwa mdomo, naye anajibu kwa kalamu.

"Nilidhani kikohozi ni cha vumbi la chaki," anaandika. Kumbe ulikuwa uvimbe kooni. Daktari hakupindisha maneno, akampa wiki tatu za kujiandaa.

Wiki hizo alizimalizia katika stoo ya vifaa vya michezo, katikati ya magodoro ya kurukia, mahali pasipofikiwa na kelele. Alirekodi vipindi mia moja na kumi na saba.

"Akirudi nyumbani hasemi," anakumbuka mumewe, fundi seremala. "Namuuliza, mke wangu, vipi? Ananiandikia: natunza iliyobaki."

Baada ya upasuaji, mume aliigusa simu ya mkewe kwa bahati mbaya. "Ikasema, 'Haya, nisikilizeni.' Nikaitika naam. Halafu nikamsikia mwenyewe anaosha vyombo jikoni. Nikaiweka simu chini ya mto."

Lakini kilichomtisha Mama Nukta hakikuwa simu. Jumatano moja mchana alikuwa chumba cha walimu akisahihisha insha, simu yake imezimwa mbele yake. Kutoka mwisho wa korido akaisikia sauti yake mwenyewe ikisema kwamba hoja bila ushahidi ni umbea.

Hakuwa amewahi kurekodi maneno hayo.

"Nilishika shingo," anaandika. "Nilifikiri labda nimeshakufa, na hivi ndivyo mtu anavyojua."

Aliifuata sauti hiyo, akapita milango minne. Katika chumba cha mwisho walikuwamo wanachama sita wa chama cha mdahalo, ambacho yeye ni mlezi wake. Watano wamekaa wamefumba macho. Wa sita, mwenyekiti wao, msichana wa miaka kumi na saba ambaye wenzake humwita Kasuku, amesimama ameupa mlango mgongo.

Kasuku akageuka. "Samahani, Mwalimu," akasema, na bado ilikuwa sauti ya mwalimu.

"Rekodi zinarudia yaleyale," Kasuku anaeleza leo. "Tulimkumbuka. Tulitaka aseme kitu kipya."

Mama Nukta anakiri kwamba angemkataza. Badala yake aliandika ubaoni: endelea. Muhula mzima yeye akaandika, Kasuku akamsemea. Chama kikaamka, kikafika fainali ya shule tisa. Mkuu wa shule, aliyekuwa amepanga kumhamishia mwalimu kwenye stoo ya vitabu, akauweka kando mpango wake.

Ndipo mama yake Kasuku, mshonaji, akaja shuleni.

"Nilimwambia, Mwalimu, sikuja kugombana," anasimulia. "Mwanangu ananiamkia kwa sauti yako. Nikimwambia acha, ananiambia ameshaacha. Mdogo wake hataki tena kulala naye chumba kimoja. Nikamwomba anirudishie mwanangu."

Siku hiyohiyo mwalimu alimwita Kasuku, akampa karatasi: fainali utaongea kwa sauti yako.

Msichana akaisoma mara mbili. Akauliza, "Ipi, Mwalimu?"

Siku ya fainali ukumbi ulijaa. Kasuku alipanda jukwaani, akafungua kinywa, ikatoka sauti ya Mama Nukta, hata kile kikohozi.

Mwalimu aliinuka kwenye kiti cha mbele. Akafungua skafu yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu, ukumbi mzima ukaliona tundu la shingoni analopumulia. Akabaki amesimama hivyo, akimtazama mwanafunzi wake.

Kasuku akanyamaza. Dakika nzima ikapita, mtunza saa akagonga kengele. Kisha sauti nyembamba, yenye mikwaruzo, ikaanza hoja upya toka mwanzo, ikijikwaa kila baada ya maneno mawili.

Walishika nafasi ya sita. Mama mtu, aliyekaa mstari wa nyuma, hakuyasikia matokeo kwa kulia. "Nilikuwa nimeanza kuisahau sauti yake," anasema.

Hadi leo Kasuku hutulia kidogo kabla ya kila sentensi. "Nahakikisha kwanza kama ni mimi," anasema, wala hatabasamu.

Tangu fainali, kila Ijumaa Mama Nukta anafuta rekodi tano. Zimebaki thelathini na mbili. Mara mbili kwa wiki anakwenda hospitali kujifunza kutamka kwa hewa anayoimeza. Ana maneno kumi na moja mpaka sasa, na anakubali kumsikilizisha mwandishi neno moja: "Kaeni." Linatoka kama mlango unaokwaruza sakafu. Wanafunzi watatu wanaopita nje wanasimama, wanatazamana.

Muhula ujao ameomba apewe Kidato cha Kwanza, na amepanga kuingia humo bila spika.

"Hao hawajawahi kunisikia," anaandika. "Watadhani ndivyo nilivyozaliwa."