Simu Isiyokosa Netiweki

Bosi wangu wa Thika alinituma nichague simu ya mkononi ya kupokea barua pepe. Kazi hiyo ndiyo ingeamua kama nitaandikwa kabisa. Muuzaji, akiwa na wateja wengi, aliniambia nijichukulie moja rafuni nikaijaribu. Niliogopa kubonyeza nisije nikaiharibu, kwa hiyo siku tatu niliizungusha tu mitaa ya Kimbo na Kalimoni, hata ndani ya stoo ya mabati, nikichungulia kioo. Vijiti vya netiweki havikupungua hata kimoja! Nilijiuliza sana ndani wameweka nini. Nikaandika ripoti ya kurasa tisa.

Bosi aliisoma, akanyoosha mkono. "Lete nimpigie mama watoto."

Akabonyeza mara mbili, kisha akaingiza ukucha pembeni mwa kioo.

"Ngai, kijana," akasema, akiinua vijiti vyangu vyote kwa vidole viwili. "Hii ni karatasi. Umetupimia simu ya kupamba duka!"