Mustikere ya Mama Keren

Batu ya Nchelenge banamuchekaka Mama Keren: ziwa iko pale nyuma ya nyumba, na yeye anakomalisha kreveti, bale kamba ya maji, ndani ya sanduku ya vioo! Mimi pia nilicheka. Mwanzo batoto ya kreveti, badogo kama punje ya chumvi, bote bakavutwa na pompe ya maji, bakakufa. Lakini kichwa ya ule mama haichoki. Akakata kipande ya mustikere, ile chandarua ya mbu, yenye bwana yake Carlos anavua nayo batoto ya samaki kwa kujificha juu serikali inakataza, akafunika nayo mudomo ya pompe, na kreveti bakazala tena.

Carlos akakasirika: «Mama Keren, umeharibu wavu yangu!»

«Baba Keren, inama, angalia.»

Akainama. Batoto ya kreveti banajaa, banatembea kwenye vioo.

Kesho yake Carlos akaleta mustikere yote ya kuvulia, akaiweka mbele ya Mama Keren: «Kata.»