Kikombe cha Zuhura

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mwalimu Mkuu alinifikisha mlangoni mwa darasa, hapo mtaani Kibokoni, akanishika bega.

"Mwalimu Mariamu, hapa ukifundisha kuvaa kiatu, anzia mwisho. Mvalishe wewe, umwachie mtoto kufunga ukanda tu. Akishaweza, mwachie na hatua ya kabla yake. Kila siku aende kwao akiwa amemaliza kitu."

Nilikuwa nimezoea darasa la kuimba herufi. Huku tulifundisha kunawa, kula, kungoja zamu. Wengi walikuwa na ulemavu wa akili: walijifunza polepole kuliko wenzao, lakini wakikuona waja, watakukimbilia na kicheko.

Zuhura hakunikimbilia. Alikuwa na miaka sita, binti wa fundi wa saa wa barabara ya Ndia Kuu. Ukimwita hageuki. Ukimpa mwanasesere, atashughulika na uzi wa nguo ya huyo mwanasesere tu. Hakuwa akisema. Hali hiyo siku hizi mwaiita usonji. Wakati ule majirani walisema ana shetani, na wengine wakamlaumu mamake kwa malezi. Mwalimu Mkuu hakutaka kuyasikia hayo. "Kazaliwa hivyo," alituambia. "Dunia humfikia kwa njia nyingine. Tuitafuteni."

Basi tukapanga vitu rafuni, kila kimoja na maana yake: mpira ni kutoka uani, kikombe ni maji. Akilia kwa kiu, nilimwongoza mkono akichukue kikombe anipe, nami nikimmiminia papo hapo. Kwa muda mrefu alinisukuma tu.

Muhula wa pili babake akaja darasani. Zuhura alikuwa amewaponyoka nyumbani, akaonekana barabarani katikati ya mikokoteni.

"Nawashukuru walimu wangu," alisema kwa adabu, macho chini. "Lakini nimeamua akae ndani. Afadhali nimfungie kuliko nimzike."

Mwalimu Mkuu hakubishana, akamkaribisha kiti. Hapo Zuhura akainuka pembeni mwa darasa, akaenda rafuni, akachukua kikombe. Akanipita mimi, akakitia mkononi mwa babake.

Yule bwana akanitazama.

"Akuomba maji," nikamwambia.

Akamimina. Mtoto akanywa, akamrudishia kikombe. Akamimina tena.

"Hajapata kuniomba kitu," akasema.

"Mlangoni tia komeo juu, asipofikia," Mwalimu Mkuu akamwambia taratibu. "Asubuhi mlete."

Akawa akimleta mwenyewe, miaka yote.

Baadaye nilihamishwa shule nyingine, kisha nyingine, hadi nikawa msimamizi wa kitengo kama kile. Zuhura hakupata maneno mengi. Alijifunza kukunja nguo, kumfuata babake sokoni bila kuponyoka, na kutunga vikuba, vile vishada vya maua ya asumini, pamoja na mamake, vizuri kuliko mimi. Wazazi wakiniuliza mtoto wao atafika wapi, sikuwahi kuwaahidi nisichokijua. Niliwaambia wamlete tena kesho.

Nilipostaafu, walimu waliniandalia karamu, ngoma zikapigwa. Zuhura, mwanamke mzima sasa, akaja na babake. Akasimama langoni ameziba masikio kwa kelele za ngoma, na mzee akataka kumrudisha nyumbani. Nikainuka kwenye kiti changu cha heshima, nikachukua sahani ya biriani, nikatoka kuwafuata. Tukakaa barazani watu watatu, tukala kimya. Hotuba za kunisifu nilizisikia kwa mbali.