Jumatano ya Mwisho ya Mfunguo Tano

Katika nyumba ya mume wangu, mtaa wa Langoni, Amu, hapakuwa na haja ya kuuliza jambo baya lilitokea siku gani. Lilitokea Jumatano ya mwisho ya Mfunguo Tano, mwezi ambao masheikh huuita Safar. Mwenye habari hizo alikuwa mavyaa wangu, yaani mamake mume wangu, nasi wanawake wa nyumba tulimsikiliza huku tukichambua mchele. Siku hiyo upepo uliwafagia watu wa Adi, wale wa kwenye Kurani. Siku hiyo Waingereza waliichoma Witu. Siku hiyo watumwa waliambiwa hawana bwana tena, na shamba lake la minazi likaota magugu. Mama aliyekuwa akitutwangia, ambaye siku hiyo ndipo alipopata uhuru wake, alikuwa papo hapo kwenye kinu, anasikia yote, anatwanga. Hata vita vya Wajarumani mavyaa alivitia humo. Mimi nakumbuka vizuri kwamba habari ya vita ilipofika tulikuwa tumefunga Ramadhani, nikamwambia. Akanitazama kama mtu aliyetia chumvi kwenye chai.

Usinicheke lakini. Nami niliiogopa siku hiyo, tena sana. Hakuna aliyeanza safari wala kushika mkasi wala kupeleka posa. Asubuhi mwalimu wa chuo cha Kurani aliandika aya za salamu kwa zafarani katika sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya marashi, nasi tukayanywa hayo maji, yaitwayo kombe, wakubwa kwa wadogo. Kisha tulikaa ndani tukingojea siku ipite.

Mwaka wa tatu wa vita nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Mchele ulikuwa haba, mafuta ya taa haba, na vijana walikuwa wakichukuliwa kwenda bara kubeba mizigo ya askari, hawarudi. Watu walitaka wa kumlaumu, na siku haiwezi kujitetea.

Mwaka huo mwezi nao ulitusumbua. Jumatano moja iliangukia tarehe ishirini na tatu. Mfunguo Tano ukiwa mfupi, wa siku ishirini na tisa, hiyo ndiyo ya mwisho. Ukitimia siku thelathini, ya mwisho ni Jumatano inayofuata. Mavyaa hakutaka kubahatisha. Aliishika ile ya kwanza, tukanywa kombe, tukajifungia. Hapakutokea kitu, basi akasema hiyo siyo. Jumanne iliyofuata, jua lilipokuchwa, watu walipanda madarini kuutazama mwezi mpya. Mawingu yalikuwa yametanda, hawakuuona. Ikawa wazi kwamba Jumatano inayoingia ni ya thelathini, nayo ndiyo yenyewe.

Alfajiri yake uchungu ukanishika.

Nilinyamaza kadiri nilivyoweza. Nililala nikauma ncha ya mto, nikamwomba Mungu iwe ni tumbo tu la chakula. Lakini tumbo la chakula halina mwendo ule. Mavyaa alipoingia na sahani ya kombe aliniona jasho linanitiririka, akaelewa, akaiinamisha sahani bila kujua hadi maji yakamwagika. Hapo ndipo hofu iliponiingia sawasawa. Nilikuwa sijawahi kumwona mwanamke yule akiogopa mbele ya mtu.

Mkunga alipoletwa, mwanamke wa Matondoni aliyekuwa amezalisha nusu ya mtaa wetu, alinishika tumbo akasema mtoto amekaa vizuri, atafika kabla ya alasiri. Mavyaa akamwambia haiwezekani. Kwetu siku huanza magharibi. Jua likizama tu, Jumatano imekwisha na Alhamisi imeingia. Akamwambia kazi yake ni kumzuia mtoto mpaka hapo. Mtoto wa siku ile, alisema, ama hamalizi mwaka, ama anaumaliza yeye na mamake akazikwa.

Mume wangu alikuwa nyuma ya pazia. Alikohoa kidogo, akasema kwa adabu zake zote kwamba sheikh wao amewafundisha kuwa Mtume alikataza watu kuuona mwezi huu kuwa wa nuksi. Mamake akamjibu kuwa sheikh hajazaa hata mara moja. Mume wangu akavaa viatu vyake akaenda msikitini. Nilisikia vile viatu mpaka vikaisha kichochoroni.

Wakanilaza ubavu. Nikakatazwa kusukuma, nikakatazwa kusimama, na uji wa pilipili manga ambao kila mzazi hupewa ulitengwa kando, maana huo huharakisha. Kila uchungu ulipokuja mavyaa aliyashika magoti yangu pamoja, akaniambia subira yavuta heri. Hata leo mtu akinitolea methali hiyo namsonya, awe yeyote.

Lakini nisiseme kwamba nililazimishwa tu. Niliogopa kuliko wote. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na vifo vyote vya siku ile nilivijua kwa moyo. Nilimwona mwanangu amekaa mwisho wa safu hiyo, nyuma ya watu wa Adi na nyumba za Witu. Mwili ulitaka kusukuma nami niliukataza. Niliyakaza meno mpaka masikio yakaziba.

Alasiri ikaadhiniwa. Chupa ilikuwa imekwisha kupasuka, na mkunga, ambaye saa zote hizo alitii kwa kuwa naye alikuwa na hofu yake, akainuka akasema sasa basi.

"Bi, mtoto akishafika mlangoni hajui Jumatano," alisema.

Mavyaa akatazama mwanga ulioingia dirishani.

"Yua bado," akasema, hakuyaachia magoti yangu.

Sijui nieleze vipi jua lile. Ni jua lile lile la siku zote, lakini lilikataa kuondoka ukutani. Niliutazama ule mraba wa mwanga, nikamhisi mwanangu anapiga, anapiga, kisha anapiga polepole, kisha nikawa sina hakika. Nikasema amenyamaza. Mavyaa akasema amepumzika.

Magharibi ilipoadhiniwa aliniachia, akasema "Alhamdulillahi", akalia kwa furaha. Mkunga alinikalisha, nikasukuma, na mtoto akaja: mwanamume, mzima viungo vyake, nywele tele, rangi ya zambarau. Mkunga akampiga nyayo, akampulizia kinywani. Mtoto akavuta pumzi mara mbili, tatu, nyembamba. Mavyaa akawahi kumwadhinia sikioni. Ilipoingia isha hakuwa nasi.

Kwa kuwa alikuwa amepumua, alipewa jina, akasaliwa, akazikwa. Mavyaa alinishika kichwa, akaniambia nimshukuru Mungu, angalau hakuzaliwa Jumatano.

Ijumaa baada ya sala ami yake mume wangu alifika kutoka Kiunga. Hakujua lililotokea; aliambiwa barazani, akawapa pole wanaume waliokuwapo. Mimi nilikuwa chumba cha ndani, na mavyaa alikuwa penye pazia. Mgeni yule akauliza mbona watu wa Amu wako nyuma siku moja. Kule Kiunga hapakuwa na wingu. Jumanne jioni waliuona mwezi, yeye mwenyewe na nusu ya kijiji, na alikuwa amekwisha kutoa ushahidi kwa kadhi, naye ameukubali. Jumatano haikuwa thelathini ya Mfunguo Tano. Ilikuwa mosi ya Mfunguo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume. Waliopata watoto siku hiyo, alisema kwa wema wake, wamepata baraka.

Nilisikia kila neno. Kisha mavyaa akaja akakaa miguuni pangu, mdogo, mzee, sijui alizeeka lini.

"Ya mwisho ilikuwa ile ya kwanza," alisema. "Ile tuliyoishika mbele."

"Na hii yangu ilikuwa siku gani?"

"Siku njema," akasema, uso ukamvunjika.

Nilimchukia. Nilimwonea huruma pia, na hilo likanizidishia hasira. Maziwa yalikuwa yameanza kuja siku hiyo, kanzu imelowa mbele, kifua kizito kinauma. Akainuka akachukua leso kunifunga ili yakauke, kama wafanyiwavyo waliofiwa na watoto wachanga. Akaipitisha mgongoni, akavuta, lakini fundo halikukaza. Akajaribu tena. Nikamwambia aiache. Nikazishika zile ncha mbili, nikavuta kwa nguvu zangu zote, nikafunga mwenyewe.