Siku Nilipozinyima Ngoma Moto

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa vitu vitatu: baiskeli isiyo na breki ya nyuma, redio kaseti ya kurekodia yenye ukubwa wa sanduku la nguo, na bosi asiyependa maneno mengi. Nilikuwa nimetoka chuoni, nimeajiriwa kuwa Afisa Utamaduni Msaidizi, Nachingwea, na kichwa kilinijaa majivuno. Nilijua kusoma noti za muziki, nilijua kuandika ripoti. Nikamwambia bosi, Afisa Utamaduni, kwamba kesho yake nipo tayari kwenda vijijini kurekodi ngoma.

Akanitazama juu ya miwani. "Binti, umewahi kukaa ukasikiliza ngoma moja mpaka ikaisha?"

Nikasema nimesikiliza nyingi.

"Sijauliza nyingi," akasema, akarudi kwenye mafaili yake.

Nilimwona mzee wa kizamani. Ninyi mnaofanya kazi hii sasa kwa simu ya mkononi mtanicheka, lakini wakati ule afisa utamaduni alikuwa mtu wa barabarani. Tuliandikisha vikundi, tukarekodi kwenye kanda, na kila mwaka tukaandaa mashindano ya kuchagua kikundi cha kwenda mkoani. Majaji walipewa fomu. Fomu ilikuwa na safu ya mavazi, safu ya nidhamu jukwaani, safu ya ujumbe na safu ya kutunza muda. Sauti haikuwa na safu yake. Iliwekwa chini kabisa kwenye "mengineyo", pamoja na usafi wa uwanja, na mimi msomi sikuona kasoro yoyote.

Kikundi kilichosifiwa kuliko vyote kilitoka Chiola. Kiongozi wake, Mzee Lipande, alikuwa mkulima wa korosho na ufuta, mrefu, mkali kidogo, mpiga msondo. Msondo ni ile ngoma ndefu ambayo mpigaji huipanda kama anapanda baiskeli. Pamoja nayo kulikuwa na chapuo, ngoma ndogo ya kushikilia mwendo, na kinganga, chenye mguu mmoja uliochongoka wa kuchomekwa ardhini, kinachopigwa kwa fimbo mbili nyembamba. Zote zimewambwa ngozi, na ngozi ikipata unyevu hulegea, sauti ikashuka. Ndiyo maana huku kwetu wapigaji hawaanzi bila moto. Wanawasha majani makavu, wanazielekeza ngoma kwenye joto, wanapiga kidogo, wanasikiliza, wanazirudisha. Wanaweza kufanya hivyo nusu saa nzima, na mtu asiyejua atadhani wanapoteza muda.

Mimi ndiye niliyekuwa sijui. Siku ya mashindano mvua ilinyesha alfajiri, uwanja ukawa tepetepe. Nilikuwa msimamizi wa jukwaa na jaji kwa pamoja, shati limepigwa pasi, filimbi shingoni. Zamu ya Chiola ilipofika, gari la mgeni rasmi likaonekana barabarani, na moshi wa moto wao ulikuwa unaelekea moja kwa moja kwenye viti vya wageni.

"Zimeni huo moto," nikasema.

"Binti, bado hazijaitika," Mzee Lipande akanijibu kwa upole.

"Mzee, ratiba ni ratiba."

Hakusogea. Nikachukua ndoo ya maji kwa mikono yangu mwenyewe, nikaumwagia moto wao mbele ya watu.

Walipiga hivyohivyo. Msondo ulitoa sauti ya gunia lililolowa, wachezaji wakatafuta mapigo ya kukanyagia wasiyapate. Mimi sikusikia tatizo lolote. Niliona tu watu wasio na furaha, nikaandika kwenye fomu, "Hawana uchangamfu." Wakawa wa mwisho. Ushindi ulikwenda kwa kikundi chenye mashati ya kung'aa.

Wiki iliyofuata nilikwenda Chiola kurekodi, sina hili wala lile. Mzee Lipande alinikaribisha, akaniletea kiti na maji ya kunywa. Nilipoiwasha mashine akasema, "Hapana. Mimi sipigi tena mbele ya ntu asiyesikia. Uwanjani siji, na hiyo kanda yako utarudi nayo."

Nilidhani ni hasira za siku mbili. Lakini mwaka uliofuata Chiola hawakuja, wala mwaka wa pili. Watu wakaanza kuuliza ofisini, "Mbona msondo hausikiki?" Majuto ni mjukuu, lakini wangu hakuchelewa kuzaliwa. Nikamweleza bosi kila kitu, hadi habari ya ndoo.

Aliivua miwani. "Usiende kuomba radhi kwa mdomo," akasema. "Watakusamehe upesi kwa sababu wewe ni mtoto wa watu, na hutakuwa umejifunza kitu. Nenda kakae."

Nikaenda kukaa. Kila Ijumaa, baada ya sala, Mzee Lipande alipiga nyumbani kwake pamoja na mdogo wake na binti yake Zainabu, kwa raha zao tu. Aliniruhusu kuwepo kwa sharti moja: nikae nimezipa ngoma mgongo. "Macho yako ndiyo yanakudanganya," alisema. "Unasikiliza mashati."

Mwezi wa kwanza nilipewa kinganga peke yake. Nikifuate hicho, nyingine niziache zipite. Jaribuni siku moja muone. Ni kama kuchambua mchele wenye chuya nyingi: ukiangalia sinia lote huoni kitu, mpaka jicho lizoee kutafuta kimoja. Wakinyamaza, Mzee ananiuliza, "Kinganga kimebadilika wapi?" Nami nabahatisha, Zainabu anacheka mpaka anashika tumbo.

"Usibahatishe," Mzee aliniambia mara moja, sasa kwa ukali. "Kama hujasikia, sema sijasikia. Hapo ndipo ntu anapoanza."

Basi nikasema sijasikia. Nikalisema hilo Ijumaa baada ya Ijumaa, mimi mwenye cheti. Halafu siku moja, wala sikuwa nimejitahidi, niliusikia msondo ukisubiri. Shangazi mmoja alikuwa ameingia kucheza nyuma yangu, na msondo haukuwa ukimwongoza hata kidogo. Ulikuwa unasubiri mguu wake uguse ardhi, kisha ndipo unajibu. Nilimjua yule mama alipo, alivyogeuka, alivyochoka, bila kumwona. Nikalia, na sioni haya kuwaambia. Nililia kwa furaha na kwa uchungu pamoja, maana siku ileile nilielewa kwa mara ya kwanza nilichokifanya na ile ndoo. Niliwanyang'anya sauti, kisha nikawaadhibu kwa kukosa sauti.

Nilidhani sasa ataniruhusu kurekodi. Mzee akaitazama mashine, akatikisa kichwa. "Wewe umekaa. Hiyo haijakaa."

Barua ya uhamisho ilinikuta hapo. Nilikwenda Ruangwa na kanda tupu, na sikuwahi kuijaza. Mkitafuta msondo wa Mzee Lipande kwenye makabati ya ofisi hamtaupata.

Ruangwa nilifanya kazi miaka mingi kuliko nilivyotegemea, chini ya mabosi wanne. Mmoja wao, Afisa Elimu wa wakati huo, alitaka kila shule ya Likunja ijifunze kinanda. Nikamwambia kinanda si kibaya, ila watoto wasikilize kwanza kinu cha mama zao, kina mapigo matatu. Akaniita mbishi, na ni kweli. Kwenye fomu za majaji nilichora safu ya sauti kwa rula na kalamu yangu, kila mwaka, mpaka wakachoka kuniuliza.

Karibu na kustaafu walikuja wafugaji kutoka Kanda ya Ziwa. Nambilanje kulikuwa na kikao kirefu kuhusu ng'ombe walioingia kwenye ufuta, nami nilikuwepo kama mjumbe. Kengele ya ng'ombe ikasikika shambani, watu wakanyanyuka kwa hasira. Mfugaji mmoja, Mama Kulwa, akabaki amekaa. "Huyo si wa kwetu," akasema. "Kengele yetu hailii nyembamba hivyo." Wakamzomea. Walipokwenda kuangalia, ng'ombe alikuwa wa mtu mwingine kabisa. Tukawa marafiki tangu siku hiyo. Alinifundisha kengele zake mojamoja, nami, mwanafunzi wa zamani wa Chiola, sikuchukua muda mrefu kuzijua.

Sasa nimestaafu mwaka wa sita. Sikio langu la kushoto limeanza uvivu. Wajukuu wananiwekea nyimbo zao kwenye simu, nami nasikiliza mpaka mwisho, kisha nawauliza besi imeingia wapi. Wananiambia, "Bibi, we ni noma." Lakini kwa miaka yote hiyo nilikuwa na deni moyoni, kwa kuwa Mzee Lipande hakuwahi kusema kama nimefaulu au sikufaulu.

Mwaka jana Zainabu, ambaye sasa ndiye kiongozi wa kikundi, aliniita Chiola kwenye harusi ya mwanawe. Nilifika alasiri. Moto ulikuwa unawaka uani, ngoma zimeelekezwa, na Mzee Lipande amekaa kwenye kigoda karibu nazo, mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

"Masikio yamefunga," Zainabu akaniambia. "Mwaka wa tatu huu hasikii chochote. Lakini ngoma hataki mwingine azipashe."

Bibi harusi alikuwa tayari mlangoni. Vijana walikuwa wanahimiza, "Mama, zimekubali hizo, tuanze." Mzee akanyanyua uso, akaniona. Hakunisalimu. Aliuvuta msondo katikati ya magoti, akaupapasa ngozi, akaupiga mara moja tu, kisha akautazama uso wangu.

Zainabu akasema taratibu, "Anakuuliza wewe. Sisi hajatuuliza hata siku moja."

Nikafumba macho. Sauti ilikuwa nzuri, ila mwishoni ililegea kidogo sana.

Nikatikisa kichwa. Mzee Lipande akacheka, meno hamna, akaurudisha msondo motoni, na harusi nzima ikasubiri.