Gauni la Njano la Najat

Mwanakombo alikuwa fundi cherehani, na mwili wa mwanawe Najat aliujua kwa mkono kuliko kwa jicho. Kikundi cha maigizo cha pale Temeke kilipoamua kutengeneza filamu ya video, mwaka tisini na tatu, yeye ndiye aliyeshona magauni ya kizamani, na Najat akapewa nafasi ya mbele. Hadithi ilikuwa ya miaka ya hamsini. Binti wa jikoni, maskini, anakusanya wenzake, wanaimba na kufanya mazoezi kwa siri, mwisho wanapanda jukwaani na mji mzima unawashangilia.

Albano, kiongozi wa kikundi, alianza na mwisho. Ukumbi wenye jukwaa ulikuwa umeuzwa, ugeuzwe ghala la mitumba, nao walipewa siku moja tu. Basi onyesho la mwisho likapigwa picha kwanza. Najat alivaa gauni la njano la marinda, mabega yamejaa, akacheza mpaka mpiga picha akasahau kumwambia basi. Nyimbo zilikwisha kurekodiwa kwenye kaseti, kwa hiyo mbele ya kamera alichezesha midomo tu.

Kisha zikafuata picha za mazoezi ya uani, kila kamera ilipopatikana. Mambo ya mwanzo, ya jikoni, yaliachwa yawe ya mwisho, maana yalihitaji watu wachache.

Masika ilipokwisha, gauni la mazoezi likaanza kumpwaya Najat. Mwanakombo akalipunguza kiunoni. Muda si mrefu akalipunguza tena. Mara ya tatu hakupunguza. Alishonea sufi mabegani na nyongani.

"Mama, unanijaza kama mto."

"Simama wima."

"Hata nikianguka siumii." Najat akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika meza ya cherehani mpaka kikatulia.

Bombani nako maneno yalikuwepo. Rukaiya, jirani wa nyumba ya tatu, alisema mbele ya watu, "Shoga, mwanao siku hizi anafunga sunna? Kila nikimwona, naona mfupa."

"Mie nimekuja kuteka maji," Mwanakombo akasema, na wengine wakatazama ndoo zao.

Maneno hayakumtisha. Aliyemtisha ni Albano. Msichana mmoja, Tupokigwe, alikohoa mazoezini, akaambiwa akapumzike kwao, na nafasi yake ikapata mtu wiki ileile. Najat hakuwa tena na kitu cha kumtoa kitandani isipokuwa hiyo filamu. Akinyang'anywa, Mwanakombo aliona wazi kwamba hatainuka tena.

Siku moja Albano akaja nyumbani, akamkuta Najat anajaribu gauni la jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Alimsifu Najat kwa kazi, akamshika bega kama anavyowashika wote. Vidole vikazama kwenye sufi. Mwanakombo aliutazama mkono ule. Ulikaa pale kidogo, kisha ukatoka taratibu.

"Imebaki ya jikoni," Albano alisema, macho yakiwa mlangoni.

"Gauni liko tayari."

"Hilo usilijaze, mama. Binti wa mwanzo ana njaa."

Mwanakombo hakujua kama ile ilikuwa huruma au kazi tu. Alichukua wembe akafumua sufi palepale, mbele yake, na Najat akabaki alivyo.

Sehemu ya jikoni Najat aliicheza ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi. Vuli haikumkuta hai.

Filamu ilipofika kwenye banda la video la Manzese, Mwanakombo alikwenda peke yake, akakaa benchi la nyuma na baibui lake. Najat akatokea jikoni, shingo kama ya kuku.

"Dada kaigiza njaa mpaka mifupa," mwanamume mmoja akasema.

Baadaye, uani, mashavu yakaanza kujaa. "Mcheki, mambo yamemnyookea." Watu wakacheka kwa kufurahi. Mwisho ukaja na gauni la njano, mabega yenyewe, nyama yenyewe, hakuna sufi. Mwanakombo alijikuta anatabasamu.

Mwenye banda akabonyeza kitufe kurudisha kanda mwanzo, picha bado zinaonekana kiooni. Gauni la njano likashuka jukwaani kinyumenyume. Mwanakombo akainuka, akapita magotini mwa watu bila kuomba radhi, akatoka nje kabla Najat hajafika jikoni.