Amiba Isiyotembea

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia maabara ya hospitali moja ya mtaa wa Kasuku, kando ya mto Lualaba, na shati jeupe, hadubini ya kuazima, na diploma niliyoitafuta Kisangani bila mjomba wa kunishika mkono. Masomo nilijilipia kwa kushona viatu. Ilikuwa miaka ya vita. Treni haikufika wala umeme haukuwepo, lakini kile kioo cha chini ya hadubini kilinasa jua la dirishani, nami nikaona kila kitu. Ninyi vijana mnaobonyeza vitufe, mngeweza?

Asubuhi hiyohiyo Daktari Mkurugenzi aliniletea nipime choo cha Mama Zaina, muuza samaki wa ng'ambo ya Lualaba. Virusi vya UKIMWI vilikuwa vimedhoofisha kinga yake. Utumbo wake mpana ulivimba ukawa unatoa damu. Choo kilivushwa kwa mtumbwi. Nikaona viduara vikubwa, nikaandika kwa mwandiko wangu maridadi: amiba, kile kijidudu kinachotafuna utumbo. Akapewa dawa ya amiba. Wiki iliyofuata nikaandika amiba tena. Mama akabaki mifupa.

Muuguzi Mkuu, mama mzaliwa wa mji wa Kalima asiyeogopa diploma ya mtu, aliinama juu ya meza yangu.

"Docta ya vioo, hii amiba yako inatembeaka?"

"Hapana, Mama. Imetulia."

"Imetulia! Basi hiyo njo amiba ya kwenye diploma. Ya kweli inatembeaka."

Maabara nzima ikacheka. Nilikasirika, kisha nikaogopa: nilikuwa namuua mtu kwa mwandiko mzuri. Amiba hutembea choo kikiwa bado na joto. Kikipoa hutulia, na hapo hufanana na chembe kubwa za kinga zinazokimbilia utumbo uliovimba. Hata kinga dhaifu hutuma askari wake.

Tukamleta Mama Zaina, tukampa ndoo nyuma ya pazia, hatua nne kutoka kwenye hadubini. Nikatazama mpaka jua likahama dirisha. Hakuna kilichotembea. Nikaandika: usaha, damu, hakuna amiba, fikirini bakteria.

"Umejirekebisha mwenyewe?" akauliza Daktari Mkurugenzi.

Muuguzi Mkuu alikuwa ananikodolea macho.

"Takriban mwenyewe, Docta," nikamjibu.

Dawa ikabadilishwa. Siku ya tano Mama Zaina aliomba wali na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, akalalamika kwamba chumvi haitoshi.

Sasa nimestaafu, na katika mafundi wote niliowafundisha hakuna hata mmoja anayesoma choo kilichopoa. Mama Zaina hunywa dawa zake za virusi kila asubuhi, kisha huenda sokoni kukaanga samaki. Akiniona hupaza sauti mpaka stesheni wanasikia:

"Chukua ya moto, Docta! Ya baridi inakudanganyaka!"